King'ora kinalia bila mwizi? Kagua hivi kabla hujamwita fundi

Leo tuongelee kitu ambacho wengi tunacho ukutani ila tunakikumbuka siku kikitusumbua: alamu ya wizi. Iwe ya fremu hapa Kariakoo, iwe ya nyumba ambayo chumba kimoja kimegeuka stoo ya mzigo, mfumo ni ule ule na magonjwa yake ni yale yale.

Kwa nini tupoteze muda na hili? Kwa sababu alamu inayolia ovyo ni hatari kuliko kutokuwa na alamu kabisa. Asiye nayo anajua hana, kwa hiyo anaongeza kufuli na kumwangalia mlinzi kwa makini. Mwenye alamu mbovu analala akiamini analindwa. Wiki ya kwanza ikilia usiku, mlinzi anakimbia na tochi na majirani wanafungua madirisha. Wiki ya pili mlinzi anageuza shingo tu. Wiki ya tatu watu wanasema, "Si ile ya duka la fulani, kawaida yake hiyo." Hapo mwizi hahitaji hata kukata waya. Mtaa mzima umeshamsaidia kuizima.

Nimeliona hili mtaani kwetu. Duka la jirani mmoja, jina naliweka pembeni, lilikuwa linapiga kelele karibu kila usiku. Kijana wa dukani akachomoa waya wa king'ora ili watu walale. Siku kumi na moja baadaye wezi wakashuka kupitia dari wakabeba mzigo wa jumla. Paneli ilifanya kazi yake vizuri tu: kwenye kumbukumbu iliandika saa tisa usiku na dakika kumi na mbili, sensa ya nyuma. Hakuna aliyesikia. Ule mzigo ulikuwa wa mkopo. Mzigo ukaibiwa, mkopo ukabaki.

Mimi si fundi umeme, ni mfanyabiashara wa vitambaa mwenye fremu moja na stoo nyumbani. Ila nimekaa na mafundi, nimeshika multimita, na nimegundua kwamba sehemu kubwa ya matatizo haya mwenye duka anaweza kuyatambua mwenyewe kwa macho, masikio na daftari. Hata ukija kumwita fundi, utamwambia "zoni namba tatu, usiku, umeme ukirudi," badala ya "inalia lia tu." Tofauti ya maneno hayo ni tofauti ya bili.

KWANZA KABISA: USIDHANI NI UONGO

Ikilia usiku, ichukulie ni kweli hadi ithibitike vinginevyo. Usiende peke yako. Mpigie mlinzi na jirani wa karibu, waangalie kwa nje: shata, kufuli, madirisha, bati. Ukikuta kufuli limeguswa au mlango umelegea, usiingie. Piga 112 polisi, subiri. Na ukisikia harufu ya kuungua au kuona moshi, hiyo si habari ya alamu tena, piga 114 Zimamoto. Sisi wa Kariakoo hatuhitaji kukumbushwa tarehe 10 Julai 2021, usiku soko kuu lilipowaka moto. Moto haungoji kuche.

Jambo la pili la usalama: ndani ya boksi la paneli kuna umeme wa volti 230 unaoingia kwenye transfoma. Kabla hujafungua boksi, zima swichi yake ya ukutani au mein swichi. Upande wa betri ni volti 12, hautakurusha, lakini nyaya mbili za betri zikigusana zinatoa cheche na joto la kuunguza. Ukiona hujiamini, kazi ya boksi mwachie fundi. Wewe fanya hizi nyingine, ni nyingi za kutosha.

MFUMO UNAFANYAJE KAZI

Ukielewa hapa, mengine yote yanakuwa mepesi. Alamu ina sehemu tano:

1. Paneli, ndiyo ubongo. Boksi la ukutani, mara nyingi stoo au nyuma ya kaunta.
2. Macho na masikio: sumaku za milangoni na sensa za mwendo kwenye kona.
3. Mdomo: king'ora.
4. Tumbo: umeme wa LUKU na betri ya akiba.
5. Simu: laini iliyo ndani ya paneli inayokutumia meseji au kukupigia.

Paneli inagawa duka kwenye zoni. Mlango wa mbele zoni ya kwanza, stoo zoni ya pili, na kadhalika. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo siri ilipo. Katika mifumo mingi ya waya, kila zoni ni duara la umeme lililofungwa. Muda wote paneli inapeleka umeme kidogo kwenye waya na kuusubiri urudi. Ukirudi, shwari. Usiporudi, mlango umefunguliwa, au sensa imeona mtu, au waya umekatika. Paneli haijui tofauti ya mwizi na panya aliyekata waya. Yenyewe inaona kitu kimoja tu: duara limefunguka.

Kwa hiyo alamu inayolia "bila sababu" sababu inayo. Kuna kitu kimefungua duara. Kazi yetu ni kukitafuta.

DAFTARI KABLA YA BISIBISI

Usianze kufungua fungua vitu. Chukua daftari, na kila ikilia andika mambo manne: saa, zoni gani, umeme ulikuwepo au la, na hali ya hewa. Zoni utaisoma kwenye kibao cha namba au kwenye meseji iliyokuja. Paneli nyingi zinahifadhi kumbukumbu ya matukio ya nyuma, muombe fundi akuonyeshe namna ya kuisoma. Ni haki yako, mfumo ni wako.

Usiku mitatu minne tu, daftari linaanza kuongea:

- Inalia umeme ukikatika au ukirudi: mtuhumiwa ni betri, au kitu kinachojiwasha chenyewe.
- Inalia alfajiri jua likichomoza, saa ile ile: mwanga wa jua unaipiga sensa.
- Inalia siku za upepo au magari makubwa yakipita: shata na sumaku yake.
- Inalia siku za mvua: maji yameingia kwenye kiungo cha waya.
- Inalia saa yoyote, zoni ile ile: waya au sensa ya zoni hiyo.
- Zoni zote zinaruka ruka: umeme, betri au paneli yenyewe.

Kama zoni moja ndiyo korofi na huwezi kuitengeneza leo, usizime mfumo mzima. Paneli nyingi zinakuruhusu kuiacha zoni moja nje wakati wa kuwasha. Mafundi wanasema "kuruka zoni." Iruke hiyo moja, mweleze mlinzi upande ule aukazie macho, zilizobaki ziendelee na kazi.

UMEME NA BETRI

Hapa ndipo pa kuanzia kila mara. Betri ya akiba ya paneli nyingi ni volti 12, saa-ampea 7, lile boksi dogo zito linalofanana na betri ya pikipiki. Kazi yake ni kuishikilia alamu umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku mmeshafunga. Na hili la LUKU tuliseme wazi: kwenye majengo mengi fremu kadhaa zinatumia mita moja. Aliyetakiwa kununua akisahau, umeme unakata saa saba usiku na alamu yako inabaki na betri yake peke yake.

Itadumu muda gani? Fanya hesabu. Tuseme paneli, kibao na sensa zako zote zinakula ampea 0.3. Saba gawanya kwa 0.3 unapata kama saa 23. Hiyo ni ya betri mpya kwenye karatasi. Betri iliyochoka iliyobaki na theluthi ya nguvu zake inakupa saa saba au nane, na king'ora kikilia kinakula zaidi. Ukifunga saa moja jioni na umeme ukaondoka saa ile ile, alfajiri huna ulinzi.

Pia joto. Betri za aina hii hupewa maisha ya miaka mitatu hadi mitano, ila hesabu hiyo ni ya chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kama 10 zikiongezeka, maisha yanapungua nusu. Sasa fikiria fremu iliyofungwa chini ya bati mwezi wa pili hapa Dar. Usisubiri miaka mitano. Ikifika mwaka wa pili anza kuipima, na ikionyesha udhaifu badilisha.

Kuipima ni hivi. Umeme ukiwepo, weka multimita kwenye vichwa vya betri ikiwa imeunganishwa: iwe kama volti 13.5 hadi 13.8. Ikiwa chini ya 13, paneli haichaji vizuri. Kisha zima umeme wa paneli, iache betri ifanye kazi yenyewe kwa saa moja. Ikibaki juu ya 12 kidogo, ina uhai. Ikishuka haraka kuelekea 11, imekwisha, hata kama taa ya paneli inawaka. Betri iliyovimba ubavuni usiipime, itoe. Na usiitupe jaani, ina risasi na tindikali; wanunuzi wa betri chakavu wapo.

Ukienda kununua mpya hapa hapa mjini, beba akili za sokoni. Betri halisi ya saa-ampea 7 ina uzito wa kilo mbili na zaidi kidogo, kwa sababu ndani ni risasi. Ukishika ikawa nyepesi kama mkate, omba mizani. Yenye kilo moja na kitu, maandishi ya "7" ubavuni hayakusaidii. Tazama na tarehe ya kutengenezwa. Iliyokaa dukani miaka miwili bila kuchajiwa ni mzee aliyevaa shati jipya.

SHATA NA SUMAKU ZA MILANGO

Kifaa cha mlangoni kina vipande viwili: sumaku kwenye mlango, na swichi ndogo ya kioo kwenye fremu ya mlango. Sumaku ikiwa karibu, swichi imefunga duara. Ikienda mbali, duara linafunguka. Rahisi hivyo.

Shida ya Kariakoo ni chuma. Vile vifaa vidogo vyeupe vya plastiki vilitengenezwa kwa milango ya mbao, na vinataka umbali wa sentimita moja na nusu hivi. Ukivibandika kwenye shata la chuma, chuma kinakula nguvu ya sumaku na umbali unapungua zaidi. Halafu shata lenyewe linacheza. Lori likipita mtaani, mkokoteni ukigonga, upepo wa kusi ukivuma, shata linatikisika milimita chache na duara linafunguka kwa nukta moja. Hiyo inatosha.

Jipime hivi mchana: weka mfumo kwenye hali ya majaribio, funga shata na kufuli zake, kisha mtu alitikise kwa nje kwa kiganja. Kibao kikionyesha zoni inafunguka na kufunga, umempata mbaya wako. Dawa ni mbili. Kwanza, shata libanwe lisicheze: kufuli za pande zote mbili, na reli zilizopinda zinyooshwe. Pili, weka sumaku ya chuma iliyotengenezwa kwa mashata, ile nzito inayofungwa sakafuni kwa skrubu, ambayo inavumilia umbali wa sentimita kadhaa. Gundi haitoshi. Joto letu linalainisha gundi, na sumaku iliyodondoka saa nane usiku inaonekana kwa paneli kama mlango uliofunguliwa.

SENSA ZA MWENDO

Hii ndiyo inayolaumiwa sana na kueleweka kidogo. Sensa ya kawaida haioni picha kama kamera. Inasoma joto. Ukuta una joto lake, mtu ana joto lake, na mtu akipita mbele ya ukuta sensa inaona joto limehama. Kutokana na hapo utaelewa vituko vyake vyote:

Feni. Umeme umekatika saa kumi jioni, mkafunga duka bila kuzima swichi ya feni. Saa tisa usiku umeme unarudi, feni inaamka, nguo zilizotundikwa zinaanza kucheza ngoma na hewa ya moto inahama. King'ora. Dawa ni kuzima swichi za ukutani kila jioni, au mein swichi moja ya feni na taa iliyo tofauti na ya alamu.

Jua. Tundu kwenye shata au dirisha la juu linaingiza mwali asubuhi. Mwali ukiipiga sensa usoni, au ukipasha sakafu mbele yake ghafla, inaona joto jipya. Ziba tundu au geuza sensa isitazame mashariki.

Mijusi, mende na buibui. Mjusi ukutani ng'ambo si tatizo. Mjusi juu ya kioo cha sensa, kwa macho ya sensa, ni mkubwa kama mtu. Utando wa buibui wenye vumbi ukicheza mbele ya kioo ni hivyo hivyo. Futa sensa kwa kitambaa laini kila mwezi, na tundu la kuingilia waya nyuma lizibwe kwa silikoni wadudu wasijenge ndani.

Panya na paka. Kwenye fremu za vyakula panya ni wapangaji wasiolipa kodi. Sensa ikielekea kwenye rafu za juu wanakopita, wataiamsha. Iweke urefu wa mita mbili na kidogo, ielekee chini kwenye njia ya mtu, si juu ya rafu.

Jirani. Kuna sensa za aina mbili ndani ya moja, zinatumia joto pamoja na mawimbi ya redio. Ni nzuri, kwa kuwa hulia pale tu zote mbili zinapokubaliana. Ila mawimbi yale yanapenya mbao na jipsamu. Fremu zetu nyingi zimegawanywa kwa plaiwudi, kwa hiyo nusu ya sensa yako inaweza kuwa inamwona mpakuaji wa jirani anayepanga mzigo usiku. Ukiipa na feni upande wako, zote mbili zimekubaliana. Ndani yake kuna kidude cha kupunguza nguvu ya mawimbi. Kipunguzwe hadi kiishie kwenye ukuta wako.

Na lipo jambo la kinyume ambalo watu hawalisemi. Sensa ya joto inahitaji tofauti kati ya mtu na chumba. Chumba kilichofungwa kikifika nyuzi 35, karibu na joto la ngozi ya mtu, sensa ya bei rahisi inaanza kuwa kipofu. Haitalia ovyo, itanyamaza kabisa. Ndiyo maana uijaribu jioni ya joto, si asubuhi kuna ubaridi. Tembea taratibu kukatiza mbele yake, kwa sababu inaona vizuri anayekatiza kuliko anayeijia moja kwa moja. Isipokuona, badilisha kwa ile inayojirekebisha kwa joto la chumba.

NYAYA: PANYA, MAJI NA CHUMVI

Kama zoni ina shida na sensa yake ni nzima, fuata waya. Anza na viungo, maana waya mara chache unaharibika katikati usipoguswa. Mambo matatu ya kutafuta: meno ya panya darini, maji ya mvua yanayofuata waya hadi kwenye kiungo, na kutu ya kijani kwenye skrubu. Mji wetu uko ufukweni, kuanzia Kivukoni hadi Kurasini hewa ina chumvi, na shaba iliyo wazi inaota kijani ikaacha kupitisha umeme vizuri. Kata kipande kibovu, unganisha upya, weka ndani ya boksi. Nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu si kiungo.

Mwenye multimita anaweza kwenda mbele zaidi. Mfumo ukiwa umezimwa umeme na betri, toa nyaya mbili za zoni husika kwenye paneli na upime omu. Mwisho wa waya, kule kwenye sensa, panatakiwa kuwe na kidude kidogo kinaitwa rizista. Thamani yake hutegemea paneli, angalia kitabu chake. Tuseme ni omu 2,200, basi ukipima upande wa paneli, na mlango umefungwa, utaona karibu na hapo. Ukiona hakuna kitu kabisa, waya umekatika. Ukiona karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana mahali. Ukiona namba inapanda na kushuka mtu akitikisa waya, kuna kiungo kimelegea. (Hii ni kwa zoni za sumaku, sensa ya mwendo isiyo na umeme duara lake linaweza kuonekana wazi, usidanganyike.)

Na chungulia hili: ukikuta rizista imefungwa ndani ya boksi la paneli badala ya kule kwenye sensa, fundi alikwepa safari ya ngazi. Alamu itafanya kazi, lakini paneli imepoteza uwezo wa kutambua mtu aliyeunganisha nyaya mbili ili kuidanganya. Mwambie airudishe mahali pake.

Wenye mifumo isiyo na waya, kazi yenu ni betri ndogo ndani ya kila sensa. Zile seti za bei nafuu zina kasoro moja kubwa: sensa ikiishiwa betri haisemi kitu, na paneli haijui kama imekufa. Badilisha betri zote siku moja, andika tarehe kwa kalamu kwenye kila sensa.

LAINI YA SIMU

Alamu inalia dukani, wewe uko Mbagala umelala. Kinachokuunganisha ni laini. Mpigie mfumo wako sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Haupokei? Angalia haya:

- Salio. Meseji ya alamu inalipiwa kama nyingine. Laini isiyotumika muda mrefu pia inaweza kufungwa na mtandao, kwa hiyo itume kitu kila mwezi.
- Namba ya siri ya laini. Ikiwa laini inadai namba ya siri ikiwashwa, umeme ukikata na kurudi paneli inakwama hapo. Iondoe ukitumia simu ya kawaida.
- Namba zako. Jaribu kuziandika kwa kuanza na +255. Na ziwe angalau tatu: wewe, mtu wa nyumbani, jirani wa duka.
- Jina la usajili. Tangu usajili wa alama za vidole ukamilishwe mwaka 2020, laini ina mwenyewe. Kama fundi aliweka laini yenye jina lake, ikipotea au ikifungwa wewe huwezi kuirudisha. Weka yako, kwa kidole chako.

FUNDI NA NAMBA ZA SIRI

Fundi mzuri hakasiriki ukiuliza. Kabla hujamlipa hela yote, hakikisha umepata: kitabu cha paneli, mchoro hata wa mkono unaoonyesha zoni ipi ni wapi, na namba ya siri ya ufundi. Paneli nyingi zinatoka kiwandani na namba zinazojulikana na kila mtu, kama 1234. Zibadilishwe mbele yako. Kisha mpe kila mfanyakazi namba yake mwenyewe, kama paneli inaruhusu. Kijana akiondoka kazini, hata kwa heri, namba yake inaondoka siku hiyo hiyo. Rimoti iliyopotea nayo ifutwe kwenye paneli, siyo kununua nyingine tu.

Halafu fanya jaribio mbele yake: fungua kila mlango, katiza mbele ya kila sensa, zima umeme, subiri meseji ifike. Zoni moja moja. Fundi anayesema "iko fresh bosi, niamini" bila jaribio, mwambie hela nayo iko fresh, aiamini.

RATIBA YA KUBANDIKA UKUTANI

Kila jioni: zima feni, tikisa shata, washa alamu, subiri mlio wa kuthibitisha kabla hujaondoka.

Kila mwezi, Jumapili biashara ikiwa imepoa: futa sensa, jaribu zoni zote, piga king'ora sekunde chache baada ya kuwaambia majirani na mlinzi, na tuma meseji kwa laini.

Kila miezi sita, kabla ya masika na kabla ya vuli: pima betri, kagua viungo na dari, badilisha namba za siri.

Na ikiwa imewahi kuwasumbua majirani, ukishaitengeneza pita duka kwa duka uwaambie: "Sasa imepona. Ikilia tena, ni kweli." Mpe na mlinzi namba ya jirani wa kumpigia. Kazi hiyo ya dakika kumi usiiruke, kwa sababu king'ora hakikamati mwizi. Kinaita watu. Na watu huja wakiiamini sauti.